Hisa ya teknolojia kabla ya ripoti ya mapato: namna ya kupima matumaini yaliyokwisha kuingia kwenye bei

Swali linalorudi kila baada ya miezi mitatu ni lile lile: "Kampuni imetangaza matokeo mazuri, mapato yamepanda, faida imepanda, mbona hisa imeshuka?" Anayeuliza kwa kawaida alinunua siku mbili tatu kabla ya ripoti, wakati kila mtu anaisifia hisa hiyo, akalala na furaha, akaamka akakuta pungufu.

Wengi wao kampuni waliipatia sawasawa. Walichokosa ni kupima kiasi cha matumaini yaliyokuwa yameshalipiwa ndani ya bei kabla wao hawajanunua. Hilo linapimika, na kazi yake haizidi jioni moja.

Mfano tutakaotembea nao ni Nvidia, watengenezaji wa chipu za akili mnemba, na ripoti yao ya tarehe 28 Agosti 2024. Usiku ule walitangaza mapato ya dola bilioni 30.04 kwa miezi mitatu, ongezeko la asilimia 122 kulinganisha na mwaka uliotangulia. Wachambuzi kwa wastani walitegemea kama bilioni 28.7. Kesho yake hisa ilifunga kwa dola 117.59, kutoka 125.61. Hiyo ni asilimia 6.4 chini, kwenye kampuni iliyokuwa na thamani ya zaidi ya dola trilioni 3.

Tuelewane mapema: mbinu hii haikwambii hisa itapanda au itashuka. Inakwambia kizingiti, yaani matokeo ambayo soko limeshayategemea, kiko juu kiasi gani, na ukikosea utaumia kiasi gani. Anayekuahidi zaidi ya hapo ana kitu cha kukuuzia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Taarifa za matokeo za robo mwaka za kampuni, angalau tano zilizopita. Zinapatikana bure kwenye ukurasa wa wawekezaji wa kampuni yenyewe, au kwenye EDGAR, hifadhi ya nyaraka ya SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya hisa Marekani. Fomu 8-K ndiyo inayobeba tangazo la usiku wa matokeo. 10-Q ndiyo ripoti kamili ya robo.
- Wastani wa makadirio ya wachambuzi, kwa robo inayotangazwa na kwa robo inayofuata. Tovuti nyingi za fedha huuonyesha bure.
- Bei za opsheni za hisa hiyo. Kama neno ni geni, usijali, hatua ya 5 italifafanua. Hununui opsheni yoyote, unasoma bei tu.
- Bei za kufunga soko za miezi miwili iliyopita, na ya mwanzo wa mwaka.
- Daftari au jedwali la kompyuta, na kikokotoo.
- Jibu la uhakika kwa swali hili: akaunti yako inakupa hisa yenyewe, au mkataba wa tofauti ya bei (CFD), yaani dau juu ya bei bila kumiliki hisa, wenye mkopo ndani yake? Kama hujui, ulizia kwanza. Mwongozo huu utakusubiri.

Kundi la Telegram la "signal" halimo kwenye orodha. Nimeliacha makusudi.

## Hatua ya 1: Hakikisha siku, saa na jina la robo

Inaonekana ni jambo dogo, lakini ndipo watu wengi wanapoanza kupotea.

Nvidia hutoa tangazo lake baada ya soko la New York kufungwa, karibu saa 10:20 jioni ya kule, kisha uongozi huzungumza na wachambuzi saa 11 jioni. Marekani ikiwa kwenye saa za kiangazi, kwa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala hiyo ni saa 5:20 usiku, na mazungumzo saa 6 kamili usiku. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi, ongeza saa moja: tangazo linakufikia saa 6:20 usiku, na kwenye kalenda yako tarehe imeshabadilika. Aliyeko Muscat au Dubai aongeze saa nyingine moja juu ya hizo.

Kwa nini hili lina uzito? Kwa sababu "ripoti ya Jumatano" kwako inaweza kuangukia Alhamisi, na agizo ulilodhani umeliweka kabla ya matokeo likatekelezwa baada yake.

Halafu jina la robo. Mwaka wa fedha wa Nvidia huisha mwishoni mwa Januari. Ripoti ya Agosti 2024 waliiita robo ya pili ya mwaka wa fedha 2025. Ukitafuta "robo ya pili 2024" utakutana na takwimu za mwaka mmoja nyuma, bilioni 13.51, na hesabu yako yote itaharibika. Andika daftarini tarehe ambayo robo iliishia, hapa ni 28 Julai 2024, na uitumie hiyo badala ya jina.

Tahadhari: kagua kama hisa ziligawanywa. Juni 2024 Nvidia waligawa kila hisa 1 kuwa 10. Faida kwa kila hisa iliyotangazwa Mei, kabla ya kutoa gharama fulani za kihasibu, ilikuwa dola 6.12, ya Agosti ilikuwa dola 0.68. Asiyejua ataona faida imeporomoka. Ukweli ni kwamba 6.12 baada ya mgawanyo inasomeka 0.61, kwa hiyo faida ilipanda.

Umefaulu ukiwa na: mstari mmoja wenye tarehe ya robo, saa ya tangazo kwa saa za kwako, na alama kwamba takwimu zote ziko kwenye hisa za aina moja.

## Hatua ya 2: Tengeneza jedwali la ahadi na matokeo

Hii ndiyo roho ya kazi nzima. Ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Kampuni nyingi kubwa za teknolojia, kila zinapotangaza matokeo, husema pia zinategemea mapato kiasi gani robo inayofuata. Hiyo ni ahadi ya kampuni yenyewe, si ya mchambuzi. Chukua kila ahadi, iweke kando ya kilichokuja kutokea. Kwa Nvidia hadi mwishoni mwa Agosti 2024 jedwali linakuwa hivi, kwa dola bilioni:

| Robo iliyoishia | Ahadi | Matokeo | Tofauti | Asilimia juu ya ahadi |
|---|---|---|---|---|
| Aprili 2023 | 6.5 | 7.19 | 0.69 | 10.6 |
| Julai 2023 | 11.0 | 13.51 | 2.51 | 22.8 |
| Oktoba 2023 | 16.0 | 18.12 | 2.12 | 13.3 |
| Januari 2024 | 20.0 | 22.10 | 2.10 | 10.5 |
| Aprili 2024 | 24.0 | 26.04 | 2.04 | 8.5 |
| Julai 2024 | 28.0 | ? | ? | ? |

Funika mstari wa mwisho kwa kidole, utazame safu ya tofauti. 2.12, 2.10, 2.04. Kampuni inaahidi, kisha inapita ahadi yake kwa bilioni 2 na kidogo, robo baada ya robo, karibu bila kupepesa. Mtu yeyote mwenye hesabu za darasa la saba anaona kinachokuja: 28 jumlisha 2 na ushei, yaani bilioni 30.

Sasa tazama safu ya asilimia. 22.8, 13.3, 10.5, 8.5. Inashuka kila mara. Kampuni inakua kwa kasi ya ajabu, lakini uwezo wake wa kulishangaza soko unapungua, kwa sababu bilioni 2 juu ya 11 ni jambo zito na bilioni 2 juu ya 28 ni jambo la kawaida.

Ongeza safu ya ahadi yenyewe: 11, 16, 20, 24, 28. Hatua za 5, 4, 4, 4. Anayefuata mstari huo anategemea ahadi ya robo inayofuata iwe kama 32.

Tahadhari: chukua ahadi kutoka kwenye tangazo la kampuni, usichukue kwenye habari za magazeti. Waandishi mara nyingi huchanganya ahadi ya kampuni na makadirio ya wachambuzi. Nvidia pia huweka nafasi ya asilimia 2 juu au chini. Wewe chukua namba ya katikati.

Umefaulu ukiweza kumwambia mtu kwa sentensi moja tabia ya kampuni hii ni ipi. Kwa mfano: "Hupita ahadi yake kwa bilioni 2, na hupandisha ahadi kwa bilioni 4."

## Hatua ya 3: Tafuta kizingiti halisi

Makadirio ya wachambuzi yanayotangazwa hadharani ni kizingiti cha gazetini. Kizingiti halisi ni kile ambacho wenye pesa nyingi wanakitegemea kimoyomoyo, na wao wana jedwali kama lako. Wachambuzi wana sababu ya kukaa chini kidogo: hakuna anayefukuzwa kazi kwa kukadiria kidogo kampuni ikapita.

Fanya hesabu mbili.

Ya kwanza: ahadi jumlisha wastani wa tofauti tatu za mwisho. Wastani wa 2.12, 2.10 na 2.04 ni karibu 2.09. Jumla, bilioni 30.09.

Ya pili: ahadi mara asilimia ya robo ya mwisho. 28 ongeza asilimia 8.5, unapata kama bilioni 30.4.

Kizingiti halisi, basi, kilikuwa kati ya 30.1 na 30.4, wakati magazeti yakiandika 28.7. Matokeo yakaja 30.04. Vichwa vya habari vikasema kampuni imewapita wachambuzi kwa zaidi ya bilioni moja. Kwa aliyeshika jedwali, ilikuwa imefika pale pale palipotegemewa, pengine pungufu ya unywele. Ahadi ya robo iliyofuata ikawa bilioni 32.5, dhidi ya 32 ya mstari wetu. Nzuri, ila haikumshtua mtu.

Linganisha na Mei 2023. Soko lilikuwa likitegemea ahadi ya kama bilioni 7.2, Nvidia wakaahidi 11. Hapo hakukuwa na jedwali ambalo lingekupa 11. Kesho yake hisa ilipanda asilimia 24. Kampuni ile ile, matokeo mazuri mara zote mbili. Mara moja soko halikuwa limejiandaa, mara ya pili lilikuwa limeketi linasubiri.

Umefaulu ukiwa na namba mbili zilizoandikwa kabla ya ripoti: kizingiti cha mapato ya robo iliyopita, na kizingiti cha ahadi ya robo ijayo. Zote mbili. Mwenye namba ya kwanza tu amefanya nusu ya kazi, tena nusu isiyo muhimu sana.

## Hatua ya 4: Pima bei ilivyokimbia kabla ya ripoti

Hii ni ya dakika tano. Chukua bei ya kufunga ya siku moja kabla ya ripoti au siku yenyewe, igawanye kwa bei ya chini ya wiki nne zilizopita, na kwa bei ya mwanzo wa mwaka.

Nvidia ilifunga chini ya dola 100 tarehe 7 Agosti 2024, baada ya masoko ya dunia kutikisika mwanzoni mwa mwezi. Wiki tatu baadaye iko 125.61. Zaidi ya asilimia 25 bila taarifa mpya yoyote ya mahesabu kutoka kwa kampuni. Na tangu Desemba 2023 ilikuwa imepanda mara mbili na nusu.

Mbio za namna hiyo kabla ya ripoti ni matumaini yanayolipiwa kwa pesa taslimu. Sisemi ni ujinga, maana mara nyingine yanathibitika. Lakini kila dola iliyoongezeka wiki hizo tatu inaondoa sehemu ya zawadi ya usiku wa matokeo.

Linganisha pia na hisa nyingine za sekta ile ile. Kama zote zimepanda sawasawa, ni upepo wa soko. Kama hii imezipita mbali, matumaini ni yake peke yake, na yakivunjika yatavunjikia kwake.

## Hatua ya 5: Soma mtikisiko unaotegemewa

Opsheni ni mkataba unaompa mwenye nao haki, bila kumlazimisha, ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyotajwa kabla ya tarehe fulani. Anayeuza mkataba huo anadai malipo, na malipo hupanda anapohisi hisa itaruka sana. Kwa hiyo bei za opsheni ni kipimo cha hofu na tamaa, kilichowekwa na watu wanaoweka pesa zao.

Fanya hivi:

1. Fungua orodha ya opsheni zenye mwisho wa karibu kabisa *baada* ya ripoti. Ukichukua za kabla ya ripoti, namba haina maana.
2. Tafuta bei ya mkataba iliyo karibu zaidi na bei ya hisa ya sasa.
3. Chukua malipo ya haki ya kununua, jumlisha malipo ya haki ya kuuza, kwa bei hiyo hiyo.
4. Gawanya jumla kwa bei ya hisa.

Mfano wa kujifunzia: hisa iko 125, haki ya kununua kwa 125 inauzwa dola 6.10, haki ya kuuza kwa 125 inauzwa dola 5.90. Jumla 12. Gawanya kwa 125: asilimia 9.6. Soko linasema hisa itakwenda kama asilimia 9 hadi 10, upande wowote ule.

Kabla ya ripoti ya Agosti 2024, opsheni za Nvidia zilionyesha karibu asilimia 10. Hisa ikasogea 6.4. Hapa kuna somo kwa wanaoshawishiwa kununua opsheni ili "washinde pande zote mbili": mtu aliyelipa mfano wa dola 12 kwa haki zote mbili aliona hisa ikianguka dola 8.02, anguko kubwa kwa kipimo chochote, na bado akapoteza. Baada ya habari kutoka, hofu huisha, na malipo ya opsheni huyeyuka siku hiyo hiyo.

Tahadhari: namba hii si dari. Hisa ya Meta ilianguka asilimia 26 tarehe 3 Februari 2022, na Netflix asilimia 35 tarehe 20 Aprili mwaka huo huo, baada ya kusema imepoteza wateja 200,000. Ichukue kama makisio ya siku ya kawaida, kisha uizidishe mara mbili kupata siku mbaya.

Na kama hisa yako haina opsheni za kusoma? Fanya kwa mkono. Safaricom, kwa mfano, kwenye Soko la Hisa la Nairobi, hufunga mwaka wake wa mahesabu tarehe 31 Machi na kutangaza matokeo Mei. Chukua bei ya kufunga siku moja kabla ya kila tangazo na siku moja baada yake, kwa miaka mitano, ukiongeza na matangazo ya nusu mwaka ya Novemba. Wastani wa mitikisiko hiyo, bila kujali ilikuwa juu au chini, ndiyo namba yako.

## Hatua ya 6: Uliza wateja wake, si mashabiki wake

Matumaini mengine yana mizizi na mengine ni kelele. Njia fupi ya kuyatenganisha ni kuangalia nani analipa.

Wanunuzi wakubwa wa chipu za Nvidia ni kampuni zinazojenga vituo vikubwa vya data: Microsoft, Meta, Alphabet, Amazon. Kwa bahati nzuri hizo hutangaza matokeo yao wiki tatu hadi tano kabla ya Nvidia, na ndani yake husema zitatumia kiasi gani kwenye mitambo. Mwisho wa Julai 2024, Meta ilipandisha kiwango cha chini cha matumizi yake ya mwaka kutoka dola bilioni 35 hadi 37, na kiwango cha juu kikabaki 40. Upande wa pili, TSMC ya Taiwan, inayozitengeneza chipu zenyewe kiwandani, hutangaza mapato yake kila mwezi, karibu na tarehe 10.

Andika kila ushahidi kwa mstari mmoja, na mbele yake andika tarehe ulipotoka. Kama ulitoka mwezi mmoja uliopita na hisa imepanda tangu siku hiyo, ushahidi ni wa kweli lakini soko limeshaulipia. Usiuhesabu mara mbili.

## Hatua ya 7: Amua kiasi cha pesa, kabla ya giza kuingia

Hapa ndipo matumaini yanapogeuzwa kuwa hesabu.

Anza na pesa unayoweza kuipoteza usiku mmoja bila kugusa kodi ya nyumba wala ada ya mtoto. Igawanye kwa mtikisiko wa siku mbaya. Kama akaunti yako ina dola 500, uko tayari kupoteza 20, na siku mbaya ni asilimia 20: 20 gawanya kwa 0.20 ni dola 100. Ndiyo nafasi yako ya juu kabisa, yaani pesa nyingi zaidi ya kuwa nayo kwenye hisa hiyo usiku huo. Kama tayari unashikilia za dola 300, punguza. Kama huna, si lazima ununue. Kukaa nje ni uamuzi halali kabisa, na kwa maoni yangu ndio uamuzi bora kwa mtu aliyenunua hisa yake ya kwanza mwaka huu.

Mambo mawili yanawaumiza watu hapa kuliko mengine yote.

La kwanza ni mkopo. Programu nyingi za simu zinazotangazwa kwetu hazikuuzii hisa, zinakuuzia mkataba wa tofauti ya bei, na hukuruhusu kufungua nafasi ya mara tano ya pesa yako. Kwa mkopo wa mara tano, anguko la 6.4 linakuwa asilimia 32 ya amana yako. Na nafasi inaweza kufungwa kwa nguvu wewe ukiwa umelala.

La pili ni kuamini agizo la kuzuia hasara. Umeweka agizo la kuuza hisa ikifika 120. Soko limefunga 125, ripoti imetoka usiku, asubuhi ya New York soko linafungua kwa 112. Agizo lako halikupata nafasi ya kuuza kwa 120, kwa sababu bei hiyo haikuwahi kupita wakati soko liko wazi. Linauza kwa 112 au karibu na hapo. Kinachokulinda usiku wa ripoti ni ukubwa wa nafasi yako tu.

Umefaulu ukiweza kutaja hasara yako ya siku mbaya kwa shilingi, na ukaitaja kwa sauti ya kawaida.

## Hatua ya 8: Usiku wa ripoti, soma kwa mpangilio huu

Tangazo lina kurasa nyingi na vichwa vya habari vitakimbilia mapato na faida kwa kila hisa. Wewe anza chini.

Kwanza, ahadi ya robo ijayo. Iweke kando ya kizingiti chako cha pili. Soko linanunua kesho, halinunui jana.

Pili, faida ghafi kwa asilimia, yaani sehemu ya mapato inayobaki baada ya kutoa gharama za kutengeneza bidhaa. Kwenye ripoti ile ilikuwa 75.1, kutoka 78.4 robo iliyotangulia, na kampuni ikasema robo ijayo ingekuwa kama 74.4. Kwa kampuni nyingine 75 ni ndoto. Ila mwelekeo ulikuwa chini, na hisa iliyobebeshwa matumaini makubwa haivumilii mwelekeo wa chini hata kwenye namba nzuri.

Tatu, sehemu inayobeba kampuni. Kwa Nvidia ni vituo vya data: bilioni 26.3 kati ya 30.04, ongezeko la asilimia 154. Kama sehemu hii imesinzia, mengine yote hayawezi kuiokoa ripoti.

Nne, maneno kuhusu bidhaa ijayo. Wengi walikuwa na wasiwasi kuhusu chipu mpya ya Blackwell. Kampuni ilieleza kwamba imebadilisha kipande cha usanifu ili chipu nyingi zaidi zitoke nzima kiwandani, na kwamba uzalishaji ungeanza kupanda robo ya nne ya mwaka wake wa fedha. Sentensi za aina hii husomwa mara mbili: mara ya kwanza kujua limetokea nini, mara ya pili kutafuta tarehe.

Mwisho kabisa, mapato ya robo iliyopita na faida kwa kila hisa. Hakikisha unalinganisha namba za aina moja: 0.67 ni ya kanuni kamili za uhasibu, 0.68 ni ile iliyoondolewa gharama fulani. Wachambuzi hukadiria ya pili.

Tangazo la kampuni kununua hisa zake yenyewe liache likupite. Usiku ule bodi iliidhinisha dola bilioni 50 za nyongeza, namba ya kutisha, na bado bei haikuokolewa.

Usinunue wala kuuza katika dakika za mwanzo. Biashara ya baada ya soko kufungwa ina wanunuzi wachache, pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza ni pana, na bei inaweza kugeuka kabisa mkuu wa fedha anapoanza kuzungumza na wachambuzi. Kama huwezi kukesha, lala. Soko litafunguliwa saa 10:30 jioni ya kwetu, au 11:30 majira ya baridi ya Marekani, na utakuwa na mchana mzima wa kusoma.

## Hatua ya 9: Kesho yake, jaza mstari na ufungue mwingine

Rudi kwenye jedwali la hatua ya 2 na uandike matokeo. Ongeza safu mbili: mtikisiko uliotegemewa na opsheni, na mtikisiko uliotokea. Mstari wa Julai 2024 unasomeka: ahadi 28.0, matokeo 30.04, tofauti 2.04, asilimia 7.3, ulitegemewa karibu 10, ulitokea 6.4 chini.

Ona asilimia: 7.3, ndogo kuliko zote zilizotangulia. Safu ile ya mshangao imeendelea kushuka.

Kisha fungua mstari wa robo inayofuata siku hiyo hiyo, ahadi ikiwa bado mbichi: robo iliyoishia Oktoba 2024, ahadi 32.5. Ulipofika usiku wa tarehe 20 Novemba, mstari huo ulijazwa kwa 35.08, tofauti 2.58, asilimia 7.9. Matokeo yalipita tofauti ya kawaida ya bilioni 2, na hisa ikafunga kesho yake juu kwa asilimia 0.5 tu. Andika na hiyo, kisha ongeza ahadi mpya waliyoitoa usiku huo: 37.5.